Fahamu: Ndege hutuaje juu ya meli?

Manowari ya kubeba ndege huundwa vipande vipande: mapande makubwa ya chuma huungwa nchi kavu, kisha winchi huyapanga chelezoni.

Manowari za Marekani za aina ya Nimitz zina urefu wa mita 333 hivi. Kwa ndege ya kivita inayotua, urefu huo ni mdogo. Hivyo ndege hushusha kulabu ya mkiani, ikanasa waya uliotandazwa sitahani, ikasimama kwa sekunde chache. Rubani akigusa sitaha huongeza moto, ili akikosa waya apae tena.

Pwani yetu imeshaziona manowari za kubeba ndege: tarehe 25 Januari 1964, helikopta za HMS Centaur ya Uingereza zilishusha makomando Dar es Salaam kuzima maasi ya askari.