Hodi ya Mpita Njia



Mtu akipita katika ua wa jirani ili afike kisimani, hata kama hataki kuketi wala kunywa maji, hupiga hodi. Asipopiga, mbwa watambwekea, na mwenye ua atatoka na kuuliza, "Nani huyo?" Mpita njia huyo si mwizi, kosa lake ni kupita kimya. Leo nataka kusema nanyi juu ya hodi ya namna hiyo, ambayo nchi huidai kwa watu wa nchi nyingine. Kwa lugha ya ofisi huitwa viza ya kupitia. Wengi wetu hatuijui mpaka siku inapotuumiza, nami nilikuwa mmoja wao.

KIJANA WA KOLWEZI

Kijana mmoja niliyemfundisha hapa Kolwezi alipata nafasi ya kusoma uhandisi katika chuo kikuu cha Brazil. Tangu mwaka 1965 serikali ya nchi hiyo ina mpango wa kuwapokea vijana wa nchi nyingine katika vyuo vikuu vyake bila karo, na Kongo yetu ni mojawapo ya nchi hizo. Karo haidaiwi, lakini nauli ni juu ya mzazi. Baba yake, mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, aliuza kiwanja alichokuwa amekiweka kwa ajili ya uzee wake.

Jioni moja kijana alikuja kwangu na bahasha. Tukazipanga hati zake mezani: pasipoti, viza ya Brazil, barua ya chuo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na tiketi ya ndege. Tiketi ilisema Kinshasa, kisha Paris, kisha São Paulo. Nilizihesabu moja moja kama nihesabuvyo madaftari ya mtihani, nikamwambia, "Mwanangu, zimetimia. Nenda salama."

Hazikuwa zimetimia. Huko Kinshasa, karani wa ndege aliifungua pasipoti, akazipekua kurasa zake mara mbili, akauliza, "Viza ya kupitia Paris iko wapi?" Kijana akajibu kwa adabu, "Bwana, siendi Paris. Nabadili ndege tu, sitatoka uwanjani." Karani akatikisa kichwa. Ndege ikaondoka, na kijana akabaki na sanduku lake. Tiketi ile ilikuwa ya bei nafuu, ambayo fedha zake hazirudishwi. Aliponipigia simu usiku ule hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, nitamwambia nini baba?"

Sikuwa na jibu. Tangu usiku ule nilijitwika kazi ya kujifunza jambo hili, nami nawaandikia niliyoyajifunza, ili kiwanja cha mzee mwingine kisipotee bure.

KWA NINI KUPITA TU KUDAIWE RUHUSA?

Wengi hufikiri kwamba ukumbi wa kubadilia ndege hauna mwenyewe, kama mto unavyopita kati ya vijiji viwili. Sivyo. Ukumbi ule umo ndani ya nchi, na sheria za nchi hiyo zinatawala humo. Mataifa mengi humwacha msafiri abadili ndege bila viza, mradi asitoke nje ya uwanja. Lakini mengine hayakubali.

Nchi za Ulaya zilizoondoa mipaka kati yao, ziitwazo nchi za Schengen, zilitunga sheria moja ya viza mwaka 2009. Ndani yake mna orodha ya nchi 12 ambazo raia wake hudaiwa viza ya uwanja wa ndege, hata kama watakaa ukumbini saa mbili tu na kuondoka. Nchi hizo ni Afghanistan, Bangladesh, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Iran, Iraq, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria, Pakistan, Somalia na Sri Lanka. Basi Mkongo wa Kolwezi amo. Uingereza nayo ina orodha yake, na humo pia Kongo imetajwa. Marekani haina kabisa ukumbi wa kupita bila kukaguliwa: kila ashukaye huko, ingawa safari yake ni ya nchi nyingine, hupita mbele ya wakaguzi wa uhamiaji, na raia wa nchi isiyosamehewa hana budi kuwa na viza.

Sababu ni nini? Wenye nchi hizo husema kwamba wasafiri wengine walikata tiketi za mbali, kumbe nia yao ilikuwa kushukia njiani na kubaki. Kwa ajili ya hao, kila mwenye pasipoti ya namna ile hutazamwa kwa shaka. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Je, ni haki? Mtu ana ruhusa kuuliza. Shaba na kobalti za Kolwezi huifikia dunia yote, na mtoto wa Kolwezi husimamishwa mlangoni. Lakini manung'uniko hayampandishi mtu ndegeni. Sheria ikiwapo, yatupasa kuijua.

Tena tusimlaumu karani bure. Ulaya humtoza msafirishaji faini ya maelfu ya euro kwa kila abiria anayeletwa bila hati za lazima, na shirika hulazimika kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana mlango wa Paris hufungwa Kinshasa.

SISI NASI TUNA UA

Tusidhani kwamba ni Wazungu tu wanaodai hodi. Tazameni ramani ya Katanga. Kusini-mashariki kuna ulimi mrefu wa nchi ya Kongo ulioingia ndani ya Zambia, upande wa Sakania. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Mzambia wa Mufulira anayetaka kwenda Mansa kwa njia fupi hana budi kuukata ulimi huo: huingia Kongo Mokambo, husafiri karibu kilomita 70 katika nchi yetu, kisha huuvuka mto Luapula huko Chembe, palipojengwa daraja lililofunguliwa mwaka 2008. Anatoka kwao na kurudi kwao, lakini katikati yumo kwetu, na askari wa mpaka ni Mkongo. Huko wenye ua ni sisi.

Hata shaba yenyewe ni mpita njia. Reli ya Benguela iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, nayo shaba ikapita Angola mpaka bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975, njia hiyo ilifungwa kwa miaka mingi. Leo malori yaliyobeba shaba hutoka Kolwezi, hupita Likasi na Lubumbashi, husimama Kasumbalesa, kisha huivuka Zambia kuelekea Dar es Salaam au Durban. Dereva wa lori anajua vizuri kuliko mwalimu kwamba mzigo usio na hati za kupitia hulala mpakani. Kwa nini basi mwanafunzi asilijue hilo?

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

1. Tazama njia kwanza, bei baadaye. Iulize tiketi: nitashukia wapi, nitabadili ndege wapi, nitakaa saa ngapi? Kijana wetu alijua aendako; hakuuliza apitako. Tiketi nafuu inayopita nchi inayodai viza yaweza kuwa ghali kuliko nyingine zote.

2. Jua ni viza ya namna gani. Ile ya uwanja wa ndege haikuruhusu kutoka ukumbini. Ikiwa ndege ya pili huondokea uwanja mwingine wa mji ule ule, kama Paris yenye Charles de Gaulle na Orly, utahitaji viza ya kuingia nchini. Ni vivyo hivyo ukishukia Brussels na kuendelea Lisbon kabla ya kuvuka bahari. Safari ya Brussels mpaka Lisbon ni safari ya ndani ya Schengen, kwa hiyo umekwisha kuingia. Hali kadhalika ikiwa una tiketi mbili mbalimbali na yakupasa kuchukua sanduku lako na kulipeleka upya.

3. Uliza kama umesamehewa. Sheria ya Schengen huwasamehe viza ya uwanja baadhi ya watu, kwa mfano wenye viza halali ya nchi ya Schengen, ya Kanada, ya Japani au ya Marekani. Viza ya Brazil haimo katika msamaha huo, na hapo ndipo kijana wetu alipojikwaa.

4. Omba mapema. Maombi ya Schengen hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida yasipungue siku 15 kabla yake. Jibu hutolewa katika siku 15, lakini laweza kuchelewa mpaka 45. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi yenye uwanja utakaopitia, au kwa nchi inayoiwakilisha. Kumbuka pia kwamba Kinshasa ni mbali na Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,000. Hesabu na gharama ya kufika huko.

5. Tengeneza hati zako. Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, ibakiwe na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Utajaza fomu, utatoa picha na alama za vidole, utaonyesha tiketi ya kuendelea mbele na viza ya nchi uendayo. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Wakikukatalia, wana wajibu wa kukuandikia sababu, nawe una haki ya kukata rufani.

6. Usisahau chanjo. Afrika ya Kusini, kwa mfano, humdai atokaye Kongo cheti cha homa ya manjano. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote. Kuchanjwa jana ya safari hakufai.

7. Safari ya nchi kavu ina sheria zake. Anayepita Zambia na aulize kwenye ubalozi mdogo wa Zambia, Lubumbashi, kabla ya kupanda basi. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, lakini kujiunga si kusema kwamba kila mpaka umefunguka. Sheria hubadilika, uliza upya kila safari, hata kama ulipita mwaka jana.

8. Jihadhari na wanaouza njia ya mkato. Atakuja mtu na kusema, "Nipe fedha, nina ndugu ubalozini." Viza ya uongo ni mbaya kuliko kukosa viza. Aliyekosa viza hurudi nyumbani. Aliyeshikwa na viza ya uongo hutiwa mashakani na sheria, na maombi yake ya baadaye hutazamwa kwa jicho kali.

MWISHO WA HABARI

Kijana alirudi Kolwezi. Nilikwenda naye kwa baba yake, maana niliona si haki aende peke yake wakati mimi ndiye niliyesema "zimetimia". Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Je, njia nyingine ipo?" Basi.

Ilikuwapo: kuondoka Lubumbashi, kubadili ndege Addis Ababa, na kutoka huko moja kwa moja mpaka São Paulo, bila kugusa Ulaya. Ethiopia haikumdai viza kijana aliyekuwa akingoja ndege yake ukumbini. Nauli ya pili ilitoka kwa wajomba na majirani, na sehemu yake ilitoka katika mshahara wangu, kama ilivyonipasa. Alifika chuoni akiwa amechelewa majuma matano, wakamkubali. Deni tulilimaliza baada ya mwaka na nusu. Kiwanja hakikurudi.

Sasa mwanafunzi akiniletea bahasha ya hati zake, siulizi kwanza, "Unakwenda wapi?" Namwuliza, "Utapita wapi?" Wazazi, nanyi ulizeni hivyo. Walimu wenzangu, msiseme "zimetimia" kabla ya kuifuata safari yote kwa kidole, mji kwa mji. Mwenye kupiga hodi mapema hujua kama mlango utafunguliwa. Na usipofunguliwa, bado ana wakati na nauli ya kutafuta njia nyingine.