Mgeni, Jembe na Makaribisho Yaliyochakaa

Juma lililopita nilipokea barua kutoka Biharamulo. Mwenye barua anauliza: je, msemo wa Waingereza "to wear out one's welcome" ndiyo ile methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Anasema ndivyo alivyofundishwa shuleni. Mimi nami nilifundishwa hivyo hivyo, na leo sikubali.

Neno kwa neno, Mwingereza anasema mgeni ameyachakaza makaribisho, kama mtu anavyochakaza kiatu kwa kukivaa kila siku. Yaani amekaa hata mwenyeji amechoka. Mara nyingi mgeni hujisemea mwenyewe: anainuka kitini, anatafuta kofia yake, anasema hapendi kuyachakaza. Hiyo ni adabu, na sisi tungesema "nisije nikawachosha". Lakini mwenyeji akimsema mgeni kwa maneno hayo hayo, adabu imekwisha. Ni kusengenya.

Sasa tazameni methali yetu. Jembe halimfukuzi mgeni. Linamwambia: umekuwa wa nyumbani, twende shamba.

Watu wa Ngara na Biharamulo wanaijua tofauti hii kuliko sisi tunaoishi mijini. Miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa ardhi Muyenzi, wilayani Ngara, wakalima. Warundi waliokimbia mwaka 1972 nao walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walipewa uraia wa Tanzania. Huko ndiko kupewa jembe.

Kisha ikaja Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi, pakageuka mji. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa Ngara. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni, maji yakagombaniwa, wanyama wa pori la Burigi wakaishia sufuriani. Mwenyeji alikuwa na haki ya kuchoka, tusimlaumu. Lakini safari hii serikali haikutoa ardhi. Mpaka ulifungwa Machi 31, 1995. Miaka iliyofuata, wakimbizi waliokuwa makambini walitakiwa wasivuke kilomita 4 bila kibali.

Jembe, hata hivyo, lilitolewa kwa mlango wa nyuma. Wakulima wengi waliwachukua wakimbizi kama vibarua wa kupalilia migomba kwa ujira mdogo, au kwa chakula tu. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, hivyo mapatano hayakuhitaji mkalimani!

Desemba 1996 ilitangazwa kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Maelfu walikimbilia porini, kuelekea ndani ya nchi. Wanajeshi wakawarudisha, wakaelekezwa Rusumo. Hakuna aliyekuwa ameinuka kitini kuaga.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Biharamulo, ukiwa ugenini ukataka kuondoka, utumie msemo huo wa Kiingereza bila hofu. Ukimkuta mtu anautumia kuwasema wakimbizi, utafsiri kama ulivyo: wenyeji wamewachoka. Jembe usilitaje, maana hapo hakuna aliyepewa.