Herufi Tatu, Maana 645



 Sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, ina neno. Ni neno la Kiingereza lenye herufi tatu tu, na kila aliyepita darasa la tatu analijua: *run*. Mwalimu aliliandika ubaoni, akasema maana yake ni kukimbia, mkaitikia kwa pamoja, mkanakili daftarini, kengele ikalia.

Sasa sikilizeni. Huko Oxford, Uingereza, yuko mtaalamu wa kamusi anayeitwa Peter Gilliver. Alipewa kazi ya kulipitia upya neno hilo kwa ajili ya kamusi kubwa ya Oxford. Akachambua na kupanga, akachambua tena. Kazi ilimchukua miezi tisa. Alipomaliza, maana za *run* kama kitenzi peke yake zilikuwa 645.

Najua mnachotaka kuuliza: mtu anahesabuje maana za neno? Kwani anazitoa wapi? Hapo ndipo hadithi inaponoga.

Turudi nyuma, mwaka 1879. Alikuwako mwalimu wa Kiskoti, mtoto wa fundi cherehani, jina lake James Murray. Aliacha shule akiwa na miaka 14, lakini alipenda lugha kuliko chakula. Huyu ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuandika kamusi hiyo ya Oxford. Akajenga kibanda cha mabati, akakiita Scriptorium, na ndani yake akapanga vishubaka zaidi ya elfu moja vya kuwekea karatasi. Kisha akatoa tangazo kwa watu wote wanaosoma Kiingereza: someni vitabu, na mkikuta neno limetumika vizuri, nakilini sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi, mnitumie kwa posta.

Watu wakaitikia. Vikaratasi vikamiminika. Vingine alivirithi kutoka kwa waliomtangulia, vikaletwa kwa magunia. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa. Lingine lilikuwa na panya mzima, tena na watoto wake, amejitengenezea kiota katikati ya maneno. Huko Ireland, vikaratasi vya maneno yanayoanza na *pa* vilipatikana kwenye zizi la farasi, na vingi vilikwisha kuwashia moto.

Murray alipohamia Oxford, barua zilizidi hadi posta ikamwekea sanduku la barua mbele ya nyumba yake. Kibanda chake cha pili kilichimbiwa chini kidogo bustanini, kikawa na baridi kali, ikabidi akae na koti zito huku miguu kaitia ndani ya kasha ili upepo usimpate. Alikuwa na watoto 11, na kila aliyejua kusoma alipewa kazi ya kupanga vikaratasi kwa mfuatano wa alfabeti, akalipwa vijisenti.

Kwa hiyo maana hazikutungwa na mtu mmoja aliyekaa kitini akifikiri. Murray na wenzake walimwaga mezani vikaratasi vya neno moja, wakasoma sentensi moja moja, wakazigawa mafungu. Sentensi hizi zinazungumzia miguu, ziende huku. Hizi zinazungumzia maji, ziende kule. Kila fungu lililosimama peke yake likahesabiwa kuwa maana. Kijitabu cha kwanza cha kamusi kilitoka mwaka 1884, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928. Murray hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1915.

Haya, na sisi tuvimwage vikaratasi vya *run* hapa mkekani.

Fungu la kwanza ni la miguu: mtoto anakimbia, mbwa anakimbia. Fungu la pili ni la maji. Kwa Kiingereza mto hu-*run*, bomba likifunguliwa maji hu-*run*, na ukipata mafua pua nayo hu-*run*. Usicheke, haina miguu. Maana hii ni ya zamani sana. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kina *rennen* kwa kukimbia na *rinnen* kwa kutiririka, na yote mawili ni ya ukoo huo huo. Kutoka kwenye maji si mbali kufika kwenye rangi. Ukiloweka kitenge kipya pamoja na shati jeupe, sisi tutasema kitenge kimechuja, Mwingereza atasema rangi imefanya *run*.

Tazameni sasa neno linavyopiga hatua. Kama maji yanaweza kwenda mfululizo bila kusimama, basi chochote kinachoendelea bila kusimama kinaweza kuitwa hivyo. Barabara hu-*run* kutoka mji mmoja hadi mwingine, ingawa haijasogea hata kidogo. Mchezo wa jukwaani ukionyeshwa kila siku, nao hu-*run*. Upo mmoja wa London unaoitwa The Mousetrap, ulioanza mwaka 1952 na haukusimama hadi mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi.

Kisha zikaja mashine. Treni ikaanza kwenda kwa ratiba, injini ikanguruma kiwandani, na Waingereza hawakutafuta neno jipya. Wakachukua lile lile. Injini ikiwa inafanya kazi, ina-*run*. Anayeisimamia anai-*run*, na hapo neno likapata kiti cha bosi: ku-*run* duka ni kuliendesha, ku-*run* shule ni kuiongoza. Siku hizi hata programu ya kompyuta hu-*run*.

Hilo linaeleza jambo jingine. Kwa miaka mingi bingwa wa maana nyingi katika kamusi hiyo alikuwa neno *set*. Katika toleo la mwaka 1989, kitenzi *set* kilikuwa na maana 430, na maelezo yake yalifika maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima, wanangu, kwa neno moja. Lakini *set* ni neno la kuweka na kutuliza: weka sahani mezani, panga saa, jua linatua. Dunia ikawa ya magari, mitambo na kompyuta, na neno la mwendo likampita mwenzake.

Lipo pia fungu la maneno yanayotembea mawili mawili, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. *Run out* ni kuishiwa: sukari imekwisha ndani. *Run into* ni kukutana na mtu bila kutarajia. *Run over* ni kumgonga mtu au mnyama kwa gari. Wakati wa uchaguzi, Mmarekani anayegombea urais hu-*run*, yaani hukimbia, wakati Mwingereza anayegombea ubunge hu-*stand*, yaani husimama. Kazi ni ile ile ya kuomba kura, mmoja mbio, mwingine wima!

Mtoto mmoja hapo nyuma anasema: basi tuliache neno hili lenye vurugu, tutumie visawe vyake. Vizuri. Alikuwako daktari wa Kiingereza, Peter Mark Roget, aliyependa kuorodhesha maneno tangu utotoni. Mwaka 1852, akiwa na miaka 73, alichapisha kitabu ambacho hakikufuata alfabeti. Alikusanya pamoja maneno yenye maana zinazokaribiana, akayagawa katika mafungu 1,000. Kinachapishwa mpaka leo, na wanaotafuta kisawe cha Kiingereza hukimbilia huko.

Lakini visawe ni kama watoto wa mama mmoja: wanafanana sura, na ukimwita mmoja kwa jina la mwingine atakununia. *Sprint* ni mbio za kumaliza nguvu zote kwa muda mfupi, kama mita 100 uwanjani. *Jog* ni mchakamchaka, ule wa asubuhi shuleni, unakimbia huku bado una pumzi ya kuimba. *Dash* ni pale mvua inapoanza na nguo ziko kwenye kamba, unachomoka mbio kwenda kuzianua. *Bolt* ni ya ng'ombe aliyeshtuka akakata kamba. *Gallop* ni ya farasi anayekwenda shoti. *Flee* ni ya mtu anayeokoa roho yake. Ukiandika kwamba babu alienda *gallop* dukani, msomaji atakiona kiroja.

Sisi nasi tunayo maneno yetu. Mtu hutimua mbio, hutoka nduki, hukurupuka, na kila moja lina mahali pake. Tena tazameni kitenzi chenyewe cha kukimbia: anayekimbia uwanjani tunamwita mkimbiaji, anayekimbia vita tunamwita mkimbizi. Shina ni moja, lakini wa kwanza hupewa medali na wa pili huomba hifadhi.

Na msidhani Waingereza peke yao ndio wenye maneno yenye tumbo kubwa. Mnaonaje *kupiga*? Tunapiga ngoma, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga soga. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia kwamba umempigia bibi simu, anaweza kudhani umemrushia.

Neno, wanangu, huonyesha tabia yake kwa lile linalofuatana nalo. *Run* likiwa na mto ni maji, likiwa na duka ni uongozi, likiwa na kura ni siasa. Kwa hiyo ukikuta neno unalolijua halikai sawa katika sentensi, usililazimishe maana ya daftarini. Angalia jirani zake wa kushoto na kulia, ndipo ufungue kamusi.

Na kazi ya nyumbani iko hapa. Kateni karatasi vipande vidogo. Kila mtakaposikia *piga* wiki hii, sokoni, redioni, kwa shangazi au kwenye daladala, andikeni sentensi nzima, nani kaisema, wapi na lini. Jumamosi tutavimwaga mkekani na kuvigawa mafungu, kama walivyofanya Murray na wenzake. Vijisenti kama walivyolipwa watoto wake sina, lakini karanga zitakuwepo.