Mpira au poli? Bushi za Peugeot 504 kwenye barabara zetu

Mwenye Peugeot 504 huzijua dalili kabla fundi hajalala chini ya gari. Usukani unaanza kutangatanga kwenye lami iliyonyooka. Ukikanyaga breki, gari linavuta upande mmoja. Matairi yanaliwa ovyo, na kila tuta likivukwa unasikia chuma kikigonga chuma. Bushi zimekwisha. Hapo ndipo unapoanza ubishi usiokwisha wa gereji, kuanzia Grogan jijini Nairobi hadi Gerezani, Dar es Salaam: turudishe za mpira kama gari lilivyotoka kiwandani, au tuweke za poliurethani, zile ngumu za rangi nyekundu au manjano ambazo mafundi huziita poli, na ambazo muuzaji anaapa kwamba hutazibadilisha tena maishani?

Mimi nasimama na mpira, na ningependa wenye magari ya zamani wanisikilize kabla hawajatoa pesa.

Bushi ya kiwandani ni vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine, na kati yake mpira uliogandishwa kwenye chuma hadi vikawa kitu kimoja. Bolti inakibana kibomba cha ndani kisizunguke. Mkono wa gurudumu unapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza humo ndani. Mpira wenyewe ndio unaojisokota, halafu unarudi. Ndiyo maana hauhitaji grisi, na vumbi halipati pa kuingilia. Tena unakubali kupinda kila upande, jambo linalohitajika sana kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma, kama 504 ya mizigo na abiria, ile steshenwagoni iliyobeba wasafiri wa Kenya kwa miaka mingi. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likizama shimoni, ekseli inalala upande, na bushi zinazoishikilia lazima zikubali kulala nayo. Land Rover za zamani ni hivyo hivyo: springi za majani zinajipinda, na bushi za mpira zilizo kwenye ncha zake zinazifuata.

Poli haifanyi kazi hivyo. Malighafi yake ilizaliwa Ujerumani mwaka 1937, katika kazi za Otto Bayer na wenzake, na ni malighafi nzuri kweli kweli. Mafuta ya injini yanayoula mpira hayaisumbui sana. Inaingizwa kwa mkono au kwa jiliwa dogo la meza, bila kutafuta presi. Kwenye lami safi usukani unaitika mara moja, na anayeshindana kwenye barabara ya mzunguko ana haki ya kuipenda. Lakini bushi ya poli haijisokoti. Inazunguka juu ya kibomba chake kwa kuteleza. Kinachoteleza kinataka grisi, na grisi huvuta vumbi. Ukiipeleka kwenye barabara ya changarawe kiangazi, vumbi lile laini linageuka msasa, grisi inakauka, na gari linaanza kulia kama kitanda cha chuma kila unapopita tuta. Nayo ikilazimishwa kupinda upande isioutaka, inakaza. Nguvu ambayo mpira ungeimeza inakwenda kwenye mabano na kwenye maungio ya chesesi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. 504 ilitoka mwaka 1968. Hata zile zilizounganishwa Mombasa miaka ya mwisho ni magari makongwe sasa, na mengi yameishi karibu na bahari, ambako chumvi inakula chuma polepole kutokea ndani. Bushi ni spea ya bei nafuu. Bano lililopasuka kwenye bodi iliyoliwa na kutu si kazi ya siku moja, na si kila mchomeleaji anaiweza. Kati ya viwili hivyo, kinachopaswa kufa kwanza ni bushi.

Na tusisahau kwa nini gari hili liliheshimiwa huku kwetu. Ove Andersson alishinda Safari Rally nalo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa 504 kupe yenye injini ya V6. Springi zake ni laini na zina mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, kwa hiyo gurudumu linafuata shimo badala ya kuliruka. Ukilikaza kwa poli kila kona, umelinyang'anya kile lilichojengewa.

Wanaoulalamikia mpira husema haudumu. Mara nyingi wanasema kweli, ila mpira wenyewe hauna kosa. Kwanza, bushi feki zimejaa. Ukiishika dukani, pitisha ukucha kwenye ukingo ambapo mpira unakutana na chuma. Kwenye bushi nzuri hakuna mwanya. Kwenye feki, mpira umesukumwa tu ndani ya bomba na unaweza kuuona ukiachana nalo. Ibonye kwa dole gumba kwa nguvu: nyufa nyembamba kama nywele zikijitokeza, iache, hata kama boksi lake ni orijino. Mpira huzeeka hata kwenye rafu.

Pili, na hili ndilo kubwa, zinafungwa vibaya. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, fundi anaingiza bushi mpya na kukaza nati mpaka mwisho papo hapo. Kibomba cha ndani kimebanwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, mkono unapanda mahali pake, na mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikutana na mashimo, unasokotwa zaidi, na baada ya muda mfupi unachanika. Mwenye gari anarudi akiwa amekasirika, na safari hii anauziwa poli. Njia sahihi ni kuzishika nati kwa mkono tu, kushusha gari likae kwa uzito wake, kulitikisa mara chache, kisha kuingia kwenye shimo la gereji na kuzikaza zote magurudumu yakiwa chini. Simama hapo uone likifanyika. Ni haki yako.

Zipo sehemu ambazo poli naikubali. Bushi za stabilaiza hazina kazi ya kupinda sana, na huko poli inapunguza gari kulala kwenye kona bila kuumiza safari. Vilevile pale injini inapovuja mafuta juu ya bushi, ingawa ningeziba uvujaji kwanza. Na kama bushi ya mpira ya gari lako haipatikani popote, poli ni bora kuliko kipande kilichochongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Ukiwa Tanga au Mombasa, uliza kama ni ya polietha, maana ya poliesta haivumilii joto na unyevunyevu kwa muda mrefu.

Usichanganye mpira kushoto na poli kulia kwenye ekseli moja. Gari litashika njia mbili. Nunua seti nzima kabla ya kufungua chochote. Na alaimenti isipimwe siku hiyo hiyo: liendeshe wiki moja bushi zikae mahali pake, halafu ndipo ulipeleke.