Kuzitambua Dalili za Ugonjwa wa Baipola

Moyo wa mwanadamu haukuumbwa kukaa katika hali moja, na yule anayefurahi leo kisha akahuzunika kesho hapana tabibu atakayemhesabu kuwa mgonjwa. Lakini yako maradhi ya akili, yajulikanayo siku hizi kwa jina la baipola, ambayo humpandisha mtu kupita kiasi cha tabia yake, kisha humtelemsha katika huzuni kubwa, na kila hali ikamshika kwa siku nyingi, pengine kwa miezi. Mwaka 1854 Jean-Pierre Falret, tabibu wa Paris, alibainisha kwamba hali hizo mbili zaweza kuwa maradhi mamoja yanayozunguka.

Kupanda kwake hudhihirika mapema katika usingizi. Mgonjwa hulala kwa muda wa saa tatu tu, akaamka hana uchovu. Maneno humtoka mfululizo, fikira zikamjia kwa kasi, akajiona ana uwezo au cheo asichokuwa nacho, akatapanya mali bila ya hesabu, na akizuiwa hughadhibika. Na baadhi ya wagonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine. Hali hiyo ikidumu juma zima, takriban kila siku, matabibu huihesabu kuwa dalili iliyo wazi, ingawa wako wagonjwa ambao kupanda kwao ni hafifu, hata watu wakawasifu kwa bidii na uchangamfu.

Kushuka kwake ni kinyume cha hayo: kwa majuma mawili au zaidi mtu haoni ladha ya chakula, wala ya kazi, wala ya masahaba; mwili humwia mzito, usingizi humpotea au humzidi, akajilaumu kwa makosa asiyoyatenda, hata akatamani mauti.

Ugumu wa kuyatambua maradhi haya ni kwamba mgonjwa aghalabu huenda kwa tabibu siku za huzuni, maana siku za kupanda hujiona mzima kabisa. Na tabibu asiyepata habari za siku hizo aweza kumpa dawa za sonona peke yake, ambazo huwapandisha tena baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo ushahidi wa jamaa ni wa lazima: waeleze habari za usingizi wake, matumizi yake ya fedha na mazungumzo yake, tena wataje kama yuko mwingine katika ukoo aliyepata hali hiyo, kwani maradhi haya huelekea kufuata ukoo, na mara nyingi huanza katika ujana.

Wako wanaodhani kwamba mtu huyo amepandwa na shetani. Sikatazi dua wala kisomo, bali nasihi yangu ni kwamba hospitali isicheleweshwe, kwa kuwa dawa ipo. Tangu John Cade, tabibu wa Australia, alipotangaza manufaa ya lithiamu mwaka 1949, wagonjwa wengi wamerejea katika kazi na nyumba zao, kwa sharti la kuinywa dawa bila ya kuikatiza na kupimwa damu ili kiasi chake kisizidi. Na yeyote anayetaja kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo, bila ya kufungwa kamba, kupigwa wala kutahayarishwa, kwani maradhi yake hakuyachagua.