Anayekunyoosha mgongo, amesomea wapi?

Je, mgongo unakusumbua? Ukiwa mkazi wa Ruiru, huenda unashinda ukibeba mizigo sokoni, ukichonga mawe machimboni au ukikaa ndani ya matatu kwenye barabara kuu ya Thika. Na hukosi jirani wa kukuelekeza kwa 'daktari wa mgongo'. Kabla hujalala kwenye kitanda chake, fahamu yeye ni nani.

Daktari mpasuaji wa mifupa husomea udaktari kwanza, hufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kisha hurudi masomoni miaka kadhaa kusomea mifupa. Mtaalamu wa fiziotherapia hutibu kwa mazoezi na mikono. Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza la kumsajili.

Kairopraktiki ni fani nyingine, iliyoanzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka wa 1895. Tabibu wake hunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Mnamo 2005, Shirika la Afya Duniani lilishauri asome kwa angalau saa 4,200 katika miaka minne, 1,000 kati ya hizo akihudumia wagonjwa chini ya uangalizi. Afrika Kusini, masomo haya hutolewa katika vyuo vikuu mjini Durban na Johannesburg. Nchini Marekani, baadhi yao huongeza masomo ya mifupa na kufanya mtihani. Hata hivyo, hilo haliwafanyi kuwa wapasuaji. Neno 'mifupa' kwenye kibao lisikubabaishe.

Kwa hivyo uliza bila haya: Ulisomea wapi? Kwa miaka mingapi? Nani amekusajili? Akisema ni daktari, tafuta jina lake katika rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, na uhakikishe leseni yake ni ya mwaka huu. Cheti cha semina ya siku chache si shahada.

Usikubali kunyooshwa kabla ya kupimwa hospitalini ikiwa umeanguka kutoka kwenye bodaboda, una homa, unakonda au maumivu hukuamsha usiku. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na mfupa uliodhoofika huweza kuvunjika ukisukumwa.

Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Ruiru au Thika. Mishipa ya fahamu iliyobanwa ikicheleweshwa, unaweza kulemaa maishani.