Mraba wa Luofu: Jinsi Programu ya Ramani Inavyojibu Mahali Ambapo Hatujauliza

Ramani ya lahaja iliyopakwa rangi zinazofifia taratibu kutoka nyekundu hadi njano inapendeza machoni, na sisi wa isimu tumeanza kuipenda mno. Katika makala haya ninaeleza jinsi ramani ya namna hiyo inavyotengenezwa, kwa kutumia mfano wa Kiswahili cha Kivu Kaskazini, hasa upande wa Beni, Butembo na Luofu. Sishughuliki na vitufe vya kubonyeza, kwani hivyo mtu hujifunza kwa mchana mmoja. Ninashughulika na swali la mwanaisimu: kila rangi pale inatokana na nani?

Tuanze na data. Mtafiti wa lahaja harudi kutoka uwandani na eneo. Hurudi na nukta. Amekwenda mji fulani, amewauliza watu fulani, ameandika latitudo na longitudo. Tuseme anachunguza kiambishi cha ngeli ya pili: nani husema *watu* na nani husema *batu*, kama ilivyo kawaida kuisikia Kivu. Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba *batu* ilitokea kwa asilimia 20 ya matamshi yaliyorekodiwa Beni, 40 Butembo na 70 Goma. Nambari hizi nimezibuni ili tupate kitu cha kupigia hesabu, asizinukuu mtu.

Sasa programu, kwa mfano QGIS ambayo ni ya bure, hutandaza juu ya eneo lote gridi, yaani wavu wa miraba iliyo sawa. Kila mraba lazima upewe thamani moja. Miraba mitatu ina majibu ya watu. Iliyobaki hukadiriwa kutokana na hiyo mitatu, na kazi hiyo ya kukadiria wenye fani huiita interpolesheni. Tukichukua eneo la kilomita 120 kwa 250 na miraba ya kilomita moja, tunapata miraba 30,000, na 29,997 kati yake haina mtu aliyeulizwa. Ukipunguza ukubwa wa mraba hadi mita 100, miraba itakuwa milioni tatu na picha itakuwa laini kama hariri, lakini waliohojiwa ni wale wale.

Mmoja wa miraba hiyo unaangukia Luofu, katika wilaya ya Lubero, kwa Batangi. Kwa mstari ulionyooka Luofu iko takribani kilomita 85 kutoka Butembo, 120 kutoka Goma na 130 kutoka Beni. Njia inayotumiwa sana, ambayo msingi wake uliandikwa na Donald Shepard mwaka 1968, hutoa uzani kwa kinyume cha umbali: nukta ya karibu ina sauti kubwa, ya mbali ina sauti ndogo. Kwa kawaida umbali hupandishwa kwenye kipeo cha pili kabla ya kugawanya. Ukifanya hesabu hiyo kwa kalamu, Butembo inapata karibu asilimia 52 ya uzani, Goma 26 na Beni 22. Zidisha, jumlisha, na Luofu inapewa 43.

Hivyo ndivyo Luofu inavyosema *batu* kwa asilimia 43 bila mtu yeyote wa Luofu kufungua mdomo.

Sipingi hesabu yenyewe. Msingi wake ni dhana ambayo mwanajiografia Waldo Tobler aliieleza mwaka 1970, kwamba vitu vilivyo karibu hufanana zaidi kuliko vilivyo mbali, na lahaja mara nyingi huifuata. Ila njia hii ina tabia tatu ambazo mwanaisimu hana budi kuzijua kabla ya kuiamini.

Ya kwanza: kwa kuwa ni wastani, haiwezi kamwe kutoka nje ya thamani ilizopewa. Kama Beni ndiyo ya chini kwa 20 na Goma ndiyo ya juu kwa 70, hakuna mraba utakaopata 10 wala 90, hata kama kweli kipo kijiji ambako kila mtu husema *batu*. Kilele ambacho hakikupimwa hakitaonekana. Kwa Luofu hili ni zito, maana iko kwenye mpaka wa lugha: kaskazini yake ni nchi ya Kinande, nayo yenyewe ina Kitangi, kusini unaanza kukutana na Kihunde na Kinyarwanda. Mahali pa mpakani panaweza kuwa na desturi yake ambayo si wastani wa majirani.

Ya pili: haioni kwamba mashahidi wawili wanaweza kuwa wa nyumba moja. Beni na Butembo ziko karibu, kama kilomita 45 kwa mstari, na biashara imezifunga pamoja. Hesabu ya Shepard inazihesabu kama sauti mbili huru, kwa hiyo kaskazini inapata kura mbili na kusini moja, kwa sababu tu mtafiti alipata usafiri rahisi upande huo. Ukiongeza nukta ya tatu huko huko Beni, Luofu inazidi kuvutwa kaskazini ilhali hakuna jambo jipya tulilojifunza kuihusu.

Ya tatu: umbali wake ni wa ndege. Watu hawaruki. Barabara kuu ya taifa namba 2 hutoka Goma kupitia Rutshuru, hupanda hadi Kanyabayonga, ikaenda Lubero, Butembo na Beni, na maneno husafiri na malori ya barabara hiyo. Luofu iko pembeni yake, upande wa magharibi. Na kwa kuwa programu hujaza kila mraba, itajaza pia Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, pamoja na Ziwa Edward lote. Viboko wa ziwani nao watakuwa na asilimia yao ya *batu*. Dawa yake ni kuikata ramani kwa barakoa ya maeneo yenye makazi, hatua ya dakika chache ambayo wengi huiruka.

Kuna mtego mwingine wa eneo hili hasa. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Butembo na Beni ziko kaskazini yake, Luofu iko kusini, zaidi kidogo ya nusu digrii. Alama ya kutoa ikidondoka mbele ya latitudo ya Luofu, programu haitalalamika. Itaiweka Luofu kaskazini ya Beni na kuendelea na kazi. Vivyo hivyo kwa wanaotumia mfumo wa UTM: eneo lote liko ukanda wa 35, lakini nusu ni 35 kaskazini na nusu 35 kusini, na kusini huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Chagua mmoja kwa nukta zote.

Njia ya heshima zaidi ni krigingi, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini aliyeandika kazi yake ya msingi mwaka 1951. Mfaransa Georges Matheron ndiye aliyeijengea nadharia baadaye. Hiyo haikisii nguvu ya umbali. Huipima kwanza kwenye data yenyewe, kwa kulinganisha kila jozi ya nukta na kuona tofauti inakua vipi jinsi umbali unavyokua. Huwatambua pia mashahidi wa nyumba moja na kuwapunguzia uzani. Lakini zawadi yake kubwa kwetu ni ramani ya pili, inayoonyesha kiasi cha shaka katika kila mraba. Bei yake ni nukta nyingi. Kwa nukta tatu haiwezekani; ni bora kuwa na makumi.

Je, haya si mambo ya wataalamu tu? Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao upande huu huu wa Beni na Butembo. Katika hali kama hiyo mtu fulani huamua kipeperushi kitaandikwa kwa Kifaransa, kwa Kinande au kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili kipi. Mtu huyo akiwa na ramani yenye rangi kamili, hataona kwamba mraba wa Luofu ni hesabu. Rangi yake ni sawa na ya mraba wa Butembo.

Na nukta zina tarehe. Luofu ilishambuliwa na nyumba zikachomwa Aprili 2009. Kanyabayonga ilitekwa na M23 mwishoni mwa Juni 2024. Kila mara watu walihama kwa maelfu, na lugha zao zikahama nao. Rekodi ya Butembo ya mwaka mmoja na ya Goma ya miaka kumi baadaye zikitiwa katika gridi moja, kinachopatikana ni uso wa wakati ambao haukuwahi kuwapo.

Jules Gilliéron na Edmond Edmont, katika atlasi yao ya Ufaransa iliyoanza kutoka mwaka 1902, waliandika kila jibu kwenye nukta yake, nukta 639, na nafasi katikati wakaiacha tupu. Sidhani kwamba turudi huko moja kwa moja. Gridi inasaidia kuona mwelekeo ambao macho hayauoni kwenye msitu wa nukta. Ninachokidai kwa tasnifu za kitivo chetu ni kidogo: nukta zichapwe juu ya rangi, idadi ya waliohojiwa iandikwe kando ya kila nukta, na mraba ulio mbali kuliko umbali uliotajwa wazi, tuseme kilomita 30, uachwe mweupe. Kwa data ya mfano wangu, Luofu ingekuwa nyeupe, na mwanafunzi anayetafuta mada ya uwandani angejua pa kwenda pindi njia itakapokuwa salama.